Siku nzuri ndizo zinazokuangusha

SWALI: Daktari, nina umri wa miaka 34, ni mhasibu. Miezi minane iliyopita niligundulika kuwa na baridi yabisi. Asubuhi vidole havikunjiki, huchukua saa moja na nusu hadi mikono ifunguke. Kuna siku naamka vizuri kabisa, na siku hizo nakaa kazini hadi usiku kufidia niliyoshindwa. Halafu siku mbili tatu zinazofuata siwezi hata kufunga kifungo. Kazini hakuna anayejua. Msimamizi wangu ameanza kusema nimekuwa mvivu. Mume wangu anataka niache kazi nipumzike. Je, nimwambie bosi? Niache kazi? Au nivumilie tu, maana wapo wenye hali mbaya kuliko yangu? Na samahani kwa kitu kidogo: pete yangu ya ndoa haiingii tena. Niipeleke kwa sonara aipanue?

JIBU: Dada yangu, barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimekwama mahali pamoja. Si pale unaposema vidole havikunjiki, wala pale ulipoitwa mvivu. Ni pale unaposema, kwa kupitia tu, kwamba ukiamka vizuri unakaa kazini hadi usiku kufidia. Umelitaja kama mtu anayejitetea: daktari, usije ukanidhania mzembe. Sikudhanii. Lakini katika yote uliyoandika, hilo ndilo linalokugharimu zaidi kazini, na bahati nzuri ndilo lililo mikononi mwako.

Nitafika huko. Kwanza tuzungumze dawa, maana nisingependa uache kazi kwa sababu ya tatizo ambalo pengine lingemalizwa kliniki.

Hili jina "baridi yabisi" limewaponza wengi. Watu hulitumia kwa maumivu yoyote ya viungo, na lenyewe linaisingizia baridi. Ugonjwa wako haukuletwa na kulala karibu na dirisha wala kufua kwa maji ya baridi. Ni kinga ya mwili iliyokosea adui, ikaugeukia utando laini unaozunguka viungo. Utando huo huvimba, kiungo hujaa maji, na usipozuiwa huanza kula gegedu kisha mfupa. Wanawake huupata mara mbili hadi tatu zaidi ya wanaume. Kemikali za mwili zinazochochea uvimbe huo, mojawapo ikiitwa intaleukini 6, hupanda usiku na kufikia kilele alfajiri. Ndiyo sababu saa 12 asubuhi mikono yako ni kama ya mtu mwingine, na kufikia saa 4 umeanza kuwa wewe. Zikumbuke hizo saa mbili, tutazihitaji tukifika kwa bosi.

Sasa, mkakamao wa saa moja na nusu, miezi minane tangu ugundulike, unaniambia kwamba ugonjwa bado uko juu. Muda wa mkakamao wa asubuhi ni miongoni mwa mambo tunayoyauliza kujua moto umebaki kiasi gani. Tiba ya siku hizi haiendeshwi kwa "tuone mwakani". Lengo ni ugonjwa utulie kabisa au ubaki kidogo sana, na wakati bado unawaka mgonjwa huonwa kila baada ya mwezi 1 hadi 3. Ikiwa miezi 3 imepita bila nafuu ya maana, au miezi 6 bila kufika lengo, dawa hubadilishwa au kuongezewa nyingine. Kwa hiyo mwulize daktari wako waziwazi: lengo letu ni lipi, tumefika wapi, na tusipofika tutafanya nini? Swali hilo si utovu wa adabu. Mimi binafsi hufurahi mgonjwa akiniuliza hivyo, kwa sababu linaninyima nafasi ya kurudia karatasi ileile ya dawa bila kufikiri.

Hukuniambia unatumia nini. Kama ni vidonge vya kutuliza maumivu peke yake, vinapunguza maumivu na uvimbe lakini haviuzuii ugonjwa kula mfupa, na vikitumiwa muda mrefu huumiza tumbo na figo. Dawa ambayo wengi wetu huanza nayo ni methotreksati. Hutumiwa mara 1 tu kwa wiki. Narudia kwa makusudi: kwa wiki, si kwa siku, kwani wapo waliokufa kwa kuimeza kila siku kwa makosa. Huambatana na asidi ya foliki, damu hupimwa mara kwa mara kuangalia ini na chembe za damu, na haitumiwi kabisa na mwanamke mjamzito. Kama mna mpango wa mtoto, mwambie daktari mapema, mpange pamoja. Ukipata homa ukiwa unatumia dawa zinazopunguza kinga, usiivumilie nyumbani. Dawa hii huchukua wiki 6 hadi 12 kuanza kuonyesha kazi yake, na wengi huiacha wiki ya nne wakisema haifai.

Wengine siku inayofuata dozi hupatwa na kichefuchefu na mwili kulegea. Wakiniambia hivyo, naongea na daktari wao dozi ihamishiwe jioni ya kuamkia siku ya mapumziko. Ni jambo dogo mno, lakini nimeona likimrudishia mtu siku nzima ya kazi kila wiki.

Na kama umewahi kupewa steroidi, dawa kali za kushusha uvimbe, hapo pana hadithi inayokuhusu. Mwaka 1948 daktari Philip Hench na wenzake katika Mayo Clinic, Marekani, walimdunga kotisoni, mojawapo ya steroidi, mwanamke wa miaka 29 aliyelemazwa na ugonjwa huu huu. Baada ya siku chache aliweza kutembea. Mwaka 1950 Hench na wenzake wawili wakapewa Tuzo ya Nobel. Ilionekana kama dawa imepatikana. Kisha madhara yakaanza kujitokeza: uso kuvimba, mifupa kudhoofu, sukari kupanda, na dozi ikipunguzwa maumivu yanarudi. Steroidi bado tunazitumia, kwa dozi ndogo na kwa muda mfupi, huku dawa kubwa ikisubiriwa ifanye kazi. Usiziache ghafla kama umezizoea. Ninachotaka ukione ni kile walichokiona wao: siku nzuri inaweza kuwa imekopwa.

Za kwako pia zimekopwa, ingawa kwa namna nyingine. Ukiamka viungo vimefunguka, unaona deni la kazi la siku tatu, unalilipa lote kwa siku moja. Muda wa saa kumi na mbili kwenye kibodi, bila kunyoosha kiwiko. Mwili hautoi onyo saa hiyohiyo. Uchovu na uvimbe hukufikia kesho yake au kesho kutwa, wakati umeshasahau ulichofanya, kwa hiyo unaona kama ugonjwa umechachamaa wenyewe. Unashindwa kazi siku tatu, deni linajaa tena, unasubiri siku nzuri ulilipe. Mduara huo tunaujua sana. Watu walio ndani yake huwa ni wachapakazi, kamwe si wavivu. Mvivu hawezi kuingia humo hata akitaka.

Kuna ubaya wa pili, na huu unahusu msimamizi wako. Yeye haoni ugonjwa, anaona kazi. Jumanne umefunga hesabu za idara nzima, Alhamisi umeshindwa kujibu barua pepe mbili. Kwa mtu asiyejua, maelezo rahisi ni kwamba ukitaka unaweza, ila hutaki. Siku zako nzuri ndizo zilizomfundisha kipimo, na anakupima nacho kwenye siku mbaya. Simtetei kwa kukuita mvivu. Nasema tu kwamba wewe mwenyewe, bila kujua, umempa ushahidi.

Nataka ufanye jambo moja kwa wiki mbili kabla hujaongea na mtu yeyote. Chukua daftari, na kwa kuwa wewe ni mhasibu halitakushinda. Kila siku andika mara tatu, asubuhi, mchana na jioni, nguvu ulizonazo kwa alama 0 hadi 10, na pembeni uandike umefanya nini na kwa muda gani. Andika pia mkakamao umechukua dakika ngapi. Usibadili chochote bado. Mwisho wa wiki ya pili utafute wastani, si kilele. Watu wengi hushtuka hapo. Anayejiona ni mtu wa alama 8 anayesumbuliwa na siku mbaya hukuta yeye ni mtu wa alama 5 anayejidanganya na siku nzuri. Si habari ya kufurahisha, lakini ndiyo hesabu halisi, na bajeti haipangwi kwa mapato ya mwezi ule mmoja ulioneemeka.

Katika daftari hilo weka safu nyingine, ya kazi ambayo hulipwi. Mwaka 1985 wanasosiolojia wawili wa Marekani, Juliet Corbin na Anselm Strauss, walieleza kwamba kuishi na ugonjwa wa muda mrefu ni kazi, na ndani yake mna kazi tatu: ya ugonjwa wenyewe, ya maisha ya kila siku, na ya kuyapanga upya maisha yako na picha uliyokuwa nayo kuhusu nafsi yako. Kukaa foleni ya maabara ni kazi. Kukumbuka dozi, kukanda vidole kwa maji ya uvuguvugu alfajiri, kumweleza mama kwa mara ya sita kwamba hujalogwa, ni kazi. Ukizijumlisha saa hizo utaona kwamba una ajira mbili, na ile ya pili haina likizo. Hapo utaacha kushangaa kwa nini unachoka kuliko mwenzako wa meza ya jirani.

Kuhusu uchovu wenyewe, usiuchukulie kama usingizi uliopungua. Uvimbe wa ndani unachosha kama mafua makali yanavyochosha. Juu yake huongezeka upungufu wa damu, ambao ni wa kawaida katika ugonjwa huu na unapimika. Kulala vibaya kwa sababu ya maumivu. Na misuli kulegea kwa kukosa mazoezi. Hili la mwisho watu hawapendi kulisikia. Kutembea, kuogelea au kuendesha baiskeli hupunguza uchovu wa baridi yabisi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linataka hata watu wazima wenye magonjwa sugu wafikishe angalau dakika 150 kwa wiki za mwendo wa wastani. Usianze na 150. Anza na 10, siku nzuri na siku mbaya sawasawa, isipokuwa kiungo kikiwa kimevimba na kina joto, hapo kipumzishe hicho na utembeze vingine.

Sasa kanuni yenyewe ya siku nzuri, nayo ni ngumu kuitii kuliko kuieleza. Siku ukiamka vizuri, fanya kazi ya siku ya wastani, ongeza kidogo tu, kisha simama ukiwa bado una nguvu. Pumzika kwa saa, si kwa maumivu: kila dakika 30 au 40 weka mikono chini kwa dakika 3, hata kama haijauma, hasa kama haijauma. Kalenda ya uhasibu inakusaidia hapa, maana kufunga hesabu za mwezi hakukuvizii kama mgeni. Tarehe zake unazijua mwaka mzima. Sogeza usuluhishi wa akaunti za benki mapema, gawa kazi ya siku mbili iwe ya siku tano, na wiki hiyo usipange kliniki wala sherehe. Wiki inayofuata iache nyepesi. Utaona mwanzoni kama umepunguza kazi. Ukihesabu mwezi mzima, utakuta umefanya ileile au zaidi, bila zile siku tatu za kulala.

Vifaa nitavipitia haraka. Tumia kiungo kikubwa kuokoa kidogo: mkoba begani, si vidoleni, mlango usukume kwa kiganja au bega, faili nene ulibebe kwa mikono miwili. Kalamu nene. Kibodi laini isiyotaka nguvu, na programu ya kuandika kwa sauti kwa barua ndefu. Banzi, yaani kishikizo kigumu cha kutuliza kiungo, la kifundo cha mkono wakati wa kuandika sana, likipimwa na mtaalamu, kwani lisilokutosha huumiza.

Wapo wanaoona aibu kutumia vitu hivyo. Huwa nawasimulia habari za mchoraji wa Ufaransa, Pierre-Auguste Renoir, aliyeugua baridi yabisi kwa takriban miaka 25 ya mwisho ya maisha yake na akaendelea kuchora hadi alipofariki mwaka 1919. Inasimuliwa kwamba alifungiwa brashi mikononi, na watu hulia machozi kwa ushujaa wake. Ukweli unapendeza zaidi: vitambaa vile vilikuwa vya kulinda ngozi ya viganja vilivyokunjamana, na brashi aliwekewa mkononi na msaidizi. Turubai kubwa zilizungushwa kwenye magogo ili sehemu anayoichora imfikie alipoketi. Hakuushinda ugonjwa kwa kukaza meno. Aliibadilisha karakana.

Nimekuchelewesha kwa bosi. Tuna methali: mficha maradhi kilio humuumbua. Naiheshimu, na kwa ndugu na daktari ni kweli tupu. Lakini haikusema maradhi yatangazwe kwa kila mtu. Kazini pana watu watatu tofauti, na kila mmoja ana haki ya kujua kitu tofauti. Daktari wa kazini au ofisi ya rasilimali watu inaweza kuhitaji barua ya daktari wako. Msimamizi anahitaji kujua unaweza nini, huwezi nini, kwa saa zipi, na unaomba nini. Wenzako wana haki ya kujua kile tu utakachopenda wakijue. Picha za eksirei yako si mali ya ofisi.

Jibu langu ni ndiyo, mwambie, na mwambie karibuni. Kama angekuwa hajaona kitu ningekuambia una muda wa kufikiri. Ameshaona, na ameshajipa jibu. Ukikaa kimya hadi tathmini ya mwaka, maelezo yako yatasikika kama kisingizio, hata yakiwa ya kweli. Ukitangulia, ni mpango. Omba dakika 20 mchana, saa ambayo mikono yako imefunguka na kichwa kimetulia, na usiende siku ile aliyokukaripia.

Jambo ambalo wengi hukosea ni kuanza na jina la ugonjwa. Ukisema "baridi yabisi" atamkumbuka bibi yake aliyekuwa analalamika magoti, na mazungumzo yatakuwa yamekufia hapo. Anza na kazi. Unaweza kusema hivi: "Nina ugonjwa wa viungo wa muda mrefu na niko kwenye matibabu. Asubuhi mikono yangu hukawia kufunguka, kuanzia saa 4 nafanya kazi vizuri. Ninaomba mambo matatu kwa miezi mitatu ya majaribio: niingie saa 4 na kutoka baadaye kidogo, au asubuhi nianzie nyumbani, nipate kibodi nyingine, na kazi za kufunga mwezi nizipate siku tatu mapema. Mwisho wa miezi mitatu tukae tuone kama inafaa." Kisha nyamaza. Usijaze ukimya kwa kuomba radhi. Jioni hiyo mwandikie barua pepe fupi ya kumshukuru na kurudia mliyokubaliana. Barua hiyo ina kazi mbili, ya adabu na ya kumbukumbu, na kumbukumbu ndiyo utakayoihitaji msimamizi akibadilishwa.

Usimwahidi kwamba utapona. Na usimwonyeshe siku mbaya tu. Mweleze kwamba hali itapanda na kushuka, kwamba akikuona unacheka Jumanne haimaanishi Alhamisi unaigiza. Daftari lako la wiki mbili litakusaidia kusema hayo bila kulia, na hata ukilia si neno.

Akikataa je? Sheria hutofautiana nchi na nchi, kwa hiyo chama cha wafanyakazi au mwanasheria wa ajira wa huko uliko atakusaidia kuliko mimi. Ila msingi upo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa Desemba 2006, unawahesabu pia wenye matatizo ya mwili ya muda mrefu yanayowazuia kushiriki sawa na wengine. Kifungu cha 27 ni cha kazi. Na unasema kwamba kumnyima mtu marekebisho yanayofaa, wakati hayamwelemei mwajiri kupita kiasi, ni ubaguzi. Kuna pia Mkataba namba 158 wa Shirika la Kazi Duniani, wa 1982, unaosema kutokuwepo kazini kwa muda kwa sababu ya ugonjwa au jeraha si sababu halali ya kumfukuza mtu. Unazibana nchi zilizouridhia, basi uliza kama yako imo. Sikushauri uingie ofisini kwa bosi ukiwa na mikataba kwapani. Wengi hukubali wakiombwa jambo dogo, lililo wazi, lenye tarehe ya kumalizika.

Nimekaa muda mrefu nikilifikiria lile la mume wako. Anakuona usiku unavyogeuka kitandani, anataka maumivu yakome, na kazi ndicho kitu pekee anachoweza kukiondoa. Namwelewa. Lakini sikubaliani naye, angalau kwa sasa. Miaka ya mwanzo ya ugonjwa huu ndiyo ambayo watu wengi hupoteza ajira, na mara nyingi hutokea kabla tiba haijapewa nafasi ya kufanya kazi. Mtu akishakaa nje muda mrefu, kurudi huwa kugumu kila mwezi unaopita. Kupumzika kwenyewe hakuutibu uvimbe; viungo visivyotumika hukaza na misuli hunywea. Tena kazi si mshahara tu. Wewe uliyeniandikia "ni mhasibu" kwenye sentensi ya kwanza, kabla hata ya kutaja ugonjwa, nadhani unanielewa.

Sisemi usiache kamwe. Wapo ninaowaambia waache, hasa wenye kazi za kutumia nguvu ambazo hazigeuziki. Nasema uamuzi huo usiufanye ugonjwa ukiwa umechachamaa, wala kabla hujajibiwa yale maswali ya kliniki, wala kabla miezi mitatu ya majaribio haijaisha. Katikati ya kuacha na kukaza meno pana vyumba vingi: saa pungufu, idara nyingine, likizo ya ugonjwa yenye tarehe ya kurudi taratibu, siku mbili za kufanyia nyumbani. Mwonyeshe mume wako daftari. Mpe pia kazi ya kufanya, kwa sababu mtu anayekupenda akikosa kazi hugeuka mshauri: alfajiri akufungulie chupa za dawa na kukufunga vifungo, halafu suala la ajira mlijadili Jumapili mchana.

Kuhusu kuvumilia kwa sababu wengine wana hali mbaya zaidi, hapo nitakuwa mkali kidogo. Mwenye hali mbaya zaidi hapati nafuu yoyote kwa wewe kunyamaza. Na sentensi hiyo, nikiisikia, hunifanya niulize mengine mawili. Katika wiki mbili zilizopita, umekuwa ukikosa hamu au raha ya mambo uliyokuwa ukiyapenda? Umekuwa na huzuni au kukata tamaa siku nyingi? Sonona huwapata wenye baridi yabisi zaidi ya watu wengine, sehemu kwa maumivu, sehemu kwa huo upweke wa kuficha. Kama jibu ni ndiyo kwa lolote, lipeleke kliniki pamoja na vidole. Lina tiba, na lisipotibiwa maumivu huuma mara mbili.

Mwenzako atakayekuambia "mbona unaonekana mzima" mjibu "asante," ukaendelee na kazi. Si lazima kila anayeuliza apewe somo la kinga ya mwili.

Na pete. Wala si swali dogo, nimeulizwa mara nyingi kuliko unavyodhani, na kwa kawaida huja mwishoni, mkono ukiwa tayari kwenye kitasa cha mlango. Usiipeleke kwa sonara sasa. Unachokiona leo ni uvimbe, na uvimbe wa sasa si kipimo cha kidole chako. Tiba ikikaa sawa unaweza kupungua, ukabaki na pete inayodondoka. Usiilazimishe pia, pete iliyokwama kwenye kidole kinachovimba usiku ni hatari. Ivae kwenye mkufu shingoni. Ugonjwa ukishatulia miezi sita mfululizo, kapime mchana, baada ya saa 4.